Gari la Moshi la Bububu: Reli Fupi na Jina Lililoitangulia

Kisiwa cha Unguja kiliwahi kuwa na reli ya maili 7 tu, yaani kilomita 11 hivi, iliyotoka mjini, kwenye Ngome Kongwe, ikaelekea kaskazini hadi kijiji cha Bububu. Kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney ilianza kuijenga mwaka 1904; serikali ikainunua mwaka 1911; nayo ikaacha kuchukua abiria mwaka 1922. Chuma chake kiling'olewa zamani, lakini kuna masimulizi yake ambayo yangali midomoni mwa watu. Yasemwa kwamba kijiji kiliitwa Bububu kwa sababu ya mlio wa gari la moshi lilipokuwa likienda na kurudi. Masimulizi hayo yanapendeza, na wageni wanaotembezwa kisiwani huambiwa mara kwa mara. Yafaa yapimwe.

Reli ya Bububu haikuwa ya kwanza Unguja. Seyyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, alikuwa na njia yake ya reli iliyokwenda kwenye kasri la Chukwani, kusini mwa mji. Mabehewa yake yalivutwa kwanza na nyumbu, kisha na injini ndogo ya mvuke iliyoagizwa Uingereza. Naye alipofariki, reli hiyo nayo ikafa. Hiyo ilikuwa reli ya mfalme. Ile ya Bububu ilikuwa ya watu wote. Wenyeji waliipanda kwenda mjini na kurudi mashambani. Tena, kwa ajili ya abiria wa meli zilizotia nanga bandarini, liliwekwa behewa maalumu la daraja la kwanza, ili watu hao wapate kwenda kutazama minazi na mikarafuu na kurejea kabla meli haijang'oa nanga. Hivyo gari lilelile lilikuwa chombo cha kazi kwa mmoja na matembezi kwa mwingine.

Mwisho wake uliletwa na barabara. Injini ya mvuke haiondoki mara tu inapotakiwa: sharti moto uwashwe mapema, maji yapate joto, na mvuke ujikusanye hata uwe na nguvu ya kusukuma pistoni. Katika safari ndefu yenye mzigo mwingi, taabu hiyo hulipwa na wingi wa mizigo inayovutwa kwa pamoja. Katika safari ya maili 7 malipo hayo ni haba, hasa pale ambapo motokaa yaweza kumchukua mtu karibu na mlango wake bila kumngojesha stesheni. Barabara zilipotengenezwa na motokaa zilipozidi, abiria waliihama reli, na mwaka 1922 safari za watu, za kazi na za matembezi, zikakoma. Kwa miaka michache iliyofuata reli ilibaki kuchukua mawe ya kujengea bandari, kisha ikaondolewa.

Kuhusu jina, ushahidi ulio bora umo katika kitabu. Sayyida Salme binti Said, ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete, alizaliwa Unguja mwaka 1844 akaondoka kisiwani mwaka 1866. Kumbukumbu zake, alizoziandika kwa Kijerumani, zilitolewa Berlin mwaka 1886, na ndani yake anasimulia habari za kukaa kwake Bububu, akipataja mahali hapo kwa jina hilohilo. Basi jina lilikwisha kupigwa chapa miaka 18 kabla ya ujenzi wa reli kuanza; na kwa kuwa mwandishi asimulia maisha ya kabla ya kuondoka kwake, lilikuwa likitumika karibu miaka 40 kabla. Wala haisaidii kusema kwamba mlio uliosikika ulikuwa wa gari la Barghash. Mfalme huyo alitawazwa miaka minne baada ya Salme kuondoka, na gari lake lilikwenda kusini, si kaskazini.

Asili ya jina yaelekea zaidi kuwa ni maji. Bububu ni mahali penye chemchemi, na maji ya upande huo ndiyo aliyoyavuta Barghash kwa mabomba ili watu wa mjini wapate maji matamu. Lugha yenyewe inalo tendo la *kububujika*, yaani kutoka kwa wingi kama yafanyavyo maji ya chemchemi, na silabi zake za mwanzo zaiga sauti ya maji hayo. Lakini hapa pana onyo. Neno linaloiga sauti halichukui tarehe ndani yake. Silabi zilezile zinazofanana na maji yabubujikayo zaweza kufanana vilevile na injini inayopumua mvuke, na sikio peke yake haliwezi kuamua. Ndiyo maana masimulizi ya gari la moshi yaliaminika kwa urahisi: hayakuwa na kosa la sauti, ila kosa la wakati.

Mwendo kama huo waonekana katika msamiati wa reli wa pwani nzima, ambako reli za bara zilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na Mombasa mwaka 1896. *Reli* na *stesheni* ni maneno yaliyokuja na Waingereza. Bali *gari la moshi* limeundwa hapa hapa, kwa kuunganisha neno la Kihindi na la Kibantu. *Behewa* lilikuwa na maana ya ua wa ndani wa nyumba ya mawe kabla ya kuwa chumba kiendacho juu ya magurudumu. Na *mataruma*, yanayolazwa chini ya reli, yalikuwa kwanza mbao za kutilia chombo nguvu. Fundi wa chombo na mwenye nyumba walikuwa na maneno yao tayari. Kitu kipya kilipokuja kilivikwa nguo ya zamani. Bububu imepatwa na jambo la namna hiyo: jina la kale limepewa maelezo mapya.

Kwa hiyo anayekusanya majina ya mahali anazo kazi mbili, na hafai kuzichanganya. Akiandika asili, masimulizi ya gari la moshi hayana nafasi. Kuyakubali ni kuifanya injini ya wageni kuwa mwanzilishi wa kijiji, na kuwafuta watu waliokaa kando ya chemchemi zile kabla reli haijalazwa. Akiandika kumbukumbu, masimulizi hayo yana thamani, kwa kuwa yameweka mlio wa gari masikioni mwa watu ambao hawakuliona, baada ya mataruma yake kuondolewa. Yote mawili yaandikwe, kila moja mahali pake, na pembeni pawekwe mwaka.