Kiingereza cha Mwalimu Darasani: Kauli Zinazofundisha na Zinazoitikiwa Tu

Mtoto wa Bura, chini ya milima ya Taita nchini Kenya, anayeanza gredi ya kwanza huja shuleni na Kidawida, lugha ya nyumbani, pamoja na Kiswahili alichookota redioni, kwa wenzake, sokoni Mwatate na ndani ya matatu za kwenda Voi. Kiingereza hana. Huenda amekisikia kwenye televisheni na kwenye nyimbo, lakini mara nyingi hajawahi kuambiwa kwa lugha hiyo afanye jambo, akalifanya. Mtu wa kwanza atakayemtuma kwa Kiingereza ni mwalimu wake. "Stand up." "Come here." "Open your book." Kwa watoto wengi wa vijiji vya chini ya milima ya Taita, hizo ndizo sentensi za kwanza za Kiingereza zenye kazi, na kwa miaka mitatu zitakuwa sehemu kubwa ya Kiingereza chote wanachoambiwa ana kwa ana.

Kwa hiyo kauli hizi ndogo, ambazo mwalimu huzitamka bila hata kuzifikiria, zinastahili kuandaliwa kama somo lenyewe. Mada za kitabu hupita: wiki hii familia, wiki ijayo wanyama. Kauli ya darasani haipiti. Mtoto huisikia asubuhi, huisikia kabla ya mapumziko, na kesho huisikia tena. Ikiwa fupi, sahihi na yenye heshima, humjengea lugha. Ikiwa mbovu, ubovu wake nao hurudiwa kila siku.

Bura imewazoea walimu wanaokuja na lugha ya mbali. Wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni hapa mwaka 1892, na hata leo mwalimu anaweza kuletwa kutoka kaunti nyingine asijue neno la Kidawida. Sera yenyewe iko wazi. Tangu Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, msimamo wa Kenya umekuwa kwamba madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na Kiingereza kiwe somo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umeufuata msimamo huo. Voi mjini lugha ya eneo ni Kiswahili, na vivyo hivyo kwenye shule za karibu na shamba kubwa la mkonge la Mwatate, ambako familia za wafanyakazi zimetoka pande nyingi za nchi. Bura, Kidawida kina nafasi yake. Mtoto akifika gredi ya nne, Kiingereza kinageuka kuwa lugha ya kufundishia hesabu, sayansi na karibu kila somo jingine.

Hapo ndipo penye mzigo. Kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30. Darasa likiwa na watoto 50, ukigawa sawasawa, kila mmoja anapata sekunde 36 za kuzungumza, tena hapo mwalimu mwenyewe hajafungua kinywa. Hakuna muda wa kupoteza kwa maneno yasiyomfanya mtoto afikiri au atende.

Mwanasaikolojia wa Marekani, James Asher, aliijenga mbinu yake ya kufundisha lugha kwa vitendo katika miaka ya 1960 juu ya wazo rahisi: mwanafunzi anayeanza aambiwe jambo kwa lugha mpya, alitende kwa mwili wake, wala asilazimishwe kusema kabla hajawa tayari. Mbinu hii haihitaji vifaa vya kununua. Mwalimu anasema, "Put your pencil on the book." Anafanya mwenyewe, watoto wanafanya. Kisha anaficha mikono yake nyuma na kusema, "Put your pencil under the book." Sasa hakuna wa kuigwa. Mtoto wa dawati la mbele ameinua kitabu na kuingiza penseli chini yake. Wa pembeni ameiacha juu. Wa nyuma ameichomeka katikati ya kurasa. Kwa kutupa macho mara moja mwalimu ameshajua nani ameshika "on", nani "under" na nani bado, bila kusahihisha hata daftari moja. Kosa lenyewe linaeleweka, maana mtoto akisema "kitabuni", kiambishi kimoja kinamtosha kwa mengi ambayo Kiingereza kinayatenganisha.

Linganisha na kauli inayosikika sana katika madarasa yetu, kutoka Taveta hadi Busia: "Are we together?" Darasa zima huitikia, "Yes, teacher!" Au "Do you understand?" Nayo huitikiwa vivyo hivyo, kwa sauti moja na kwa nguvu. Itikio hilo halimwambii mwalimu chochote. Mtoto ameitambua lahani, akaijibu. Mwaka 2005 watafiti Caroline Pontefract na Frank Hardman walichapisha uchunguzi wao wa mazungumzo katika madarasa ya shule za msingi za Kenya. Walikuta mwalimu ndiye msemaji mkuu, na wanafunzi wakijibu kwa pamoja au kurudia walichoambiwa. Jamaa ya maswali hayo ni ile sentensi inayokatwa mwishoni ili darasa liimalizie: "The sun rises in the...?" "East!" Anayejua anasema, asiyejua anafuata nusu sekunde baadaye, na sauti zao huchanganyika hivi kwamba hakuna anayeonekana hajui.

Simlaumu mwalimu. Kuitikia kwa pamoja huliamsha darasa lililochoka baada ya chakula cha mchana, na mtoto mwoga hupata pa kuanzia. Lakini kusitumike kama kipimo cha kuelewa. Mahali pa "Do you understand?" weka kauli inayodai ushahidi: "Show me." "Point to the answer." "What will you do first?" Hata "Tell your friend" ni bora, kwa sababu watoto 25 watakuwa wanazungumza kwa wakati mmoja badala ya mmoja. Kisha ngoja. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa kama sekunde moja tu, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi, majibu hurefuka na wanafunzi wengi zaidi hujitokeza. Mtoto anayetoka Kidawida kupitia Kiswahili hadi Kiingereza ana safari ndefu kichwani. Sekunde tatu ni haki yake.

Kuna swali moja ambalo ningependa liondoke kabisa katika madarasa ya chini: lile la kukanusha. Mwalimu anauliza, "You have not finished?" Mtoto anajibu, "Yes." Mwalimu anakwenda, anakuta daftari tupu, anadhani amedanganywa. Hajadanganywa. Katika Kiswahili ukiulizwa "Hujamaliza?" nawe hujamaliza, unajibu "Ndiyo, sijamaliza", kwa kuwa unakubaliana na aliyeuliza. Kiingereza sanifu kinataka "No", kwa kufuata ukweli wa jambo lenyewe. Mtoto amejibu sawasawa kwa kanuni ya lugha anayoijua, na watoto wamewahi kukemewa kwa ajili ya hilo. Muulize "Have you finished?" au "Who is still writing?" na mkanganyiko unakwisha.

"You" nayo ina mtego wake. Sisi tuna "keti" na "ketini", "wewe" na "nyinyi", kwa hiyo mtoto anajua papo hapo kama ni yeye anayeambiwa au ni darasa zima. Kiingereza hakimpi dalili hiyo. Mwalimu anamtazama mtoto mmoja, anasema "You, stand up", na nusu ya safu inasimama. Dawa ni kutanguliza jina au neno la jumla: "Wakio, stand up, please." "Everyone, stand up." Jina linaokoa pia pale walimu wengi tunapoteleza, kwa kuwa lugha zetu hazitenganishi wa kike na wa kiume katika neno "yeye". Wakio, ambaye ni msichana, amejibu vizuri, mwalimu anasema "Clap for him", na watoto wanajifunza hivyo. "Let's clap for Wakio" haina pa kuteleza.

Namba za kurasa nazo ziandikwe ubaoni kila mara. "Fourteen" na "forty", "fifteen" na "fifty" hutofautishwa na vitu vidogo ambavyo sikio geni halivishiki, hasa aliyeketi nyuma mvua ikipiga bati. Kwa Kiswahili, kumi na nne na arobaini hazikaribiani hata kidogo. Sema "Turn to page fourteen", andika 14, onyesha ukurasa. Na kitabu kiletwe kwa "Bring your book" badala ya "Come with your book", ambayo ni Kiswahili chetu kilichovaa maneno ya Kiingereza. Mtu mzima wa Nairobi atakuelewa bila shida, ila mtoto anastahili kuanza na kauli atakayoikuta vitabuni.

Hadi hapa nimezungumzia maneno ya mwalimu. Nusu ya pili, inayosahaulika zaidi, ni maneno ya mtoto mwenyewe. Ukimfundisha kutii tu, atafika gredi ya nne akijua kusimama na kuketi, asijue kuuliza. Anahitaji kauli zake, naye azitumie kila siku hadi azizoee: "Please say it again." "I don't understand." "May I go out?" "May I borrow your rubber?" Hii ya mwisho inahitaji uangalifu, kwa sababu "kuazima" kwetu huenda pande zote mbili, na mtoto husema "Borrow me your rubber". Yenye thamani kuliko zote ni "How do you say ... in English?" Mtoto anaweka hapo katikati neno la Kiswahili au la Kidawida, na kwa sentensi moja amefungua mlango wa maneno yote asiyoyajua. Mwalimu anayejibu swali hilo kwa furaha mara ya kwanza atalisikia tena. Akilijibu kwa kejeli, amelizika.

Hilo linanileta kwenye nafasi ya lugha za nyumbani. Watu wazima wengi wanaukumbuka mti au kipande cha mbao kilichovishwa shingoni mwa mtoto aliyeonekana akisema lugha ya mama. Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza adhabu hiyo kwa uchungu katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na ukoloni wa fikra. Adhabu ile ilifundisha kunyamaza. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumwadhibu mtoto kimwili na kumtesa kiakili, na kumvisha kitu cha aibu kwa sababu ya lugha ya mama yake ni mateso ya akili. Kiswahili na Kidawida viwe msaada wa haraka: sema kauli kwa Kiingereza, ionyeshe kwa mkono, na ikishindikana itoe mara moja kwa lugha wanayoielewa, kisha irudie kwa Kiingereza na watende. Mpangilio huo huchukua muda mfupi, na Kiingereza ndicho kinachobaki sikioni.

Na adabu. Kwetu heshima hukaa ndani ya kitenzi: "naomba uniletee" si sawa na "lete". Kiingereza hukosa kiungo hicho, kwa hiyo "Bring the chalk" peke yake humfikia mtoto kama "lete chaki" iliyo kavu. "Please bring me the chalk", kisha "Thank you", hurudisha kile ambacho kitenzi chetu kingekibeba. Mtoto atamsemesha mwenzake kama alivyosemeshwa.

Nawaomba walimu wakuu wa shule za Bura, Mwatate na Voi watenge saa moja mwanzoni mwa muhula, walimu wa gredi ya kwanza hadi ya tatu wakae pamoja na kukubaliana kauli ishirini: kumi za mwalimu, kumi za mtoto. Ziandikwe kwenye karatasi ya manila kwa herufi kubwa, zibandikwe kila darasa, na mtoto anapopanda gredi akute zile zile zikimngoja. Mzazi naye, hata asiyejua Kiingereza, anaweza kumwambia mtoto jioni: leo wewe ndiwe mwalimu, niambie la kufanya. Akisema "Stand up, please", simama.