Utandawazi na Mamlaka ya Nchi (3): Sheria Dodoma, Hukumu Washington

Katika sehemu mbili zilizopita tulitazama jinsi mikopo na masharti ya biashara yanavyoibana serikali inapotaka kuamua mambo yake. Leo tunafika kwenye kifungo chenye saini na mhuri, yaani mikataba ya kulinda uwekezaji.

Mwanzoni mwa Julai 2017, sakata la makinikia, yaani mchanga wa madini uliozuiwa kusafirishwa nje, likiwa bado bichi, Bunge la Tanzania lilipitisha kwa hati ya dharura sheria tatu zilizobadili sekta ya madini. Moja, Sheria ya Mamlaka ya Nchi Kuhusiana na Umiliki wa Maliasili, ilikataza migogoro ya maliasili kupelekwa kwenye mahakama na mabaraza ya nje. Nyingine iliondoa leseni za kuhodhi maeneo ya madini, zile zilizomruhusu mwekezaji kukalia eneo bila kulichimba akisubiri bei ipande. Wengi tulishangilia. Mali ni yetu, Bunge ni letu, nani atatuuliza?

Waliuliza. Tanzania ilikwishatia saini mkataba wa kulinda uwekezaji na Uingereza mwaka 1994, na mwingine na Kanada mwaka 2013. Yote miwili inampa mwekezaji haki ya kuishtaki serikali moja kwa moja kwenye usuluhishi wa kimataifa, hasa kituo cha ICSID kilicho chini ya Benki ya Dunia, Washington. Kampuni tatu zilizopoteza leseni za kuhodhi zikafungua madai huko. Winshear ya Kanada ilikubali kumaliza shauri mwaka 2023 kwa dola milioni 30. Montero, nayo ya Kanada, ililipwa dola milioni 27 kwa mapatano ya mwaka 2024. Indiana Resources, iliyokuwa na mradi wa nikeli wa Ntaka Hill huko Nachingwea, ilipewa tuzo ya zaidi ya dola milioni 109, kisha mwaka 2024 ikapatana na serikali kwa dola milioni 90.

Hiyo Indiana inafundisha zaidi ya fedha ilizopata. Ni kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la Australia, lakini ilidai kwa kutumia mkataba wetu na Uingereza, kwa kuwa miongoni mwa wadai yalikuwamo makampuni yake tanzu yaliyosajiliwa Uingereza. Mtaji huchagua uraia wake. Mchimbaji mdogo wa Geita hana uchaguzi huo: akinyang'anywa kitalu, njia yake ni mahakama za hapa hapa.

Nguvu ya tuzo hizi iko katika utekelezaji wake. Nchi zote wanachama wa mkataba wa ICSID, Tanzania ikiwamo, zimeahidi kuitambua tuzo kama hukumu ya mwisho ya mahakama zao. Mwaka 2022 wawekezaji wa Sweden waliofutiwa mradi wa sukari Bagamoyo walishinda takriban dola milioni 165, na ndege ya Air Tanzania iliyokuwa kwenye matengenezo Uholanzi ikazuiliwa. Mdai Msweden, hukumu ya Washington, mali iliyokamatwa Uholanzi: mwenye deni hana pa kujificha.

Je, tumedhulumiwa? Kwa kiasi fulani, ndiyo, maana mikataba hiyo inampa mwekezaji haki tele na wajibu kiduchu. Lakini azimio namba 1803 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la mwaka 1962, tunalopenda kulitaja tukidai umiliki wa maliasili, linasema pia kuwa makubaliano yaliyofikiwa kwa hiari yaheshimiwe kwa nia njema. Huwezi kushika ukurasa mmoja na kuchana mwingine. Kosa letu, kwa maoni yangu, halikuwa kudai kilicho chetu. Tulitunga sheria kana kwamba makabati ya wizara hayakuwa na mikataba ndani yake. Mgogoro wa makinikia na kampuni ya dhahabu ya Acacia, ulioanza kwa kelele hizo hizo, uliisha mezani na kampuni mama yake, Barrick: serikali ilipata asilimia 16 ya hisa za migodi na dola milioni 300 za kumaliza madai.

Wala mabaraza hayo si ya wawekezaji siku zote. Kenya ilishinda mwaka 2018 dhidi ya kampuni ya Cortec kuhusu madini ya Mrima Hill, Kwale, kwa kuwa leseni yenyewe ilitolewa kinyume cha sheria. 

Kujitoa kwenye mikataba hii nako kuna gharama. Ekwado ilijitoa ICSID mwaka 2009, ikarudi mwaka 2021. Tanzania ilivunja mkataba wake na Uholanzi kuanzia Aprili 2019, ila kifungu cha mwisho kinaendelea kuwalinda waliowekeza kabla ya tarehe hiyo kwa miaka 15, hadi 2034.

Wiki ijayo: mitumba, AGOA na uamuzi wa Rwanda.