Kemia ya Nyota Changa (Sehemu ya Tatu): Vumbi Linapovunjwa

Juma lililopita tuliona wingu la gesi na vumbi likijikunja kwa uzito wake hadi kuzaa nyota. Nyota hiyo changa haimezi kila kinachoiangukia. Sehemu ya gesi hufyatuliwa nje kupitia ncha mbili, kwa kasi ya kilomita 100 na zaidi kwa sekunde, ikaenda kuligonga wingu lililoizaa nyota.

Kabla ya kugongwa, wingu hilo lina baridi ya nyuzi 260 hivi chini ya sifuri. Silikoni, ileile iliyomo katika mchanga wa Mto Mkondoa, imefungwa ndani ya chembe za vumbi, na juu ya chembe hizo umeganda utando wa barafu ya maji, amonia na methanoli. Methanoli hiyo huundwa palepale juu ya chembe, haidrojeni inapojishikiza kwenye monoksidi ya kaboni iliyoganda.

Mkondo huo wa gesi kutoka kwenye nyota ukigonga, joto hupanda ghafla hadi mamia, pengine maelfu ya nyuzi. Barafu hubanduka, chembe humegeka, na silikoni iliyofunguliwa huungana na oksijeni kuwa monoksidi ya silikoni. Katika wingu tulivu gesi hii ni adimu mno. Ndani ya mkondo huweza kuongezeka hata mara milioni moja. Watu wa Kilosa, waliouona Mkondoa ukifurika mwishoni mwa 2009 na kuharibu reli, wanajua kwamba rangi ya maji hueleza ni udongo gani umebomolewa huko juu. Wanaastronomia nao husoma hivyohivyo: monoksidi ya silikoni ikijaa, vumbi lenyewe limevunjwa; ikionekana methanoli peke yake, kishindo kilikuwa hafifu, kimebandua barafu tu.

Mfano bora ni mkondo uitwao HH 212, karibu na mkanda wa Orion, umbali wa miaka ya nuru 1,300 hivi. Mwishoni mwa Januari, mnamo saa tatu na nusu usiku, mkanda huo hupita karibu na utosi wa aliyesimama Mikumi. Mkondo wenyewe hauonekani kwa macho, kwa kuwa vumbi limeuficha. Hans Zinnecker na wenzake waliutangaza mwaka 1998 baada ya kuupiga picha kwa mwanga wa infraredi. Mwaka 2017 Chin-Fei Lee na wenzake, kwa antena za ALMA nchini Chile, waliifuatilia monoksidi ya silikoni wakagundua kwamba mkondo unazunguka. Kwangu mimi hili ndilo kubwa kuliko yote. Gesi ikizunguka mno haiwezi kuiangukia nyota. Mkondo huondoka na mzunguko uliozidi, na nyota ikapata kukua.

Walimu wa kemia wa Kilosa na Mikumi, mkifika kwenye oksidi za silikoni, watoeni wanafunzi nje usiku mmoja wa Januari, muwaonyeshe mahali ambapo mmenyuko huo unaendelea hadi leo.