Kusoma Jeni za Mtama Kunavyosaidia Kupambana na Kayongo

Wakulima wa mtama magharibi mwa Kenya wanalijua vyema gugu lenye maua ya zambarau liitwalo kayongo, au striga. Linapochomoza juu ya ardhi, hasara huwa imeshatokea: mizizi yake imejishikiza kwenye mizizi ya mtama na kufyonza maji na chakula. Shamba lililoathirika vibaya linaweza kukosa mavuno kabisa. Mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, ambazo hukaa udongoni kwa zaidi ya miaka 10.

Mbegu hizo haziamki ovyo. Husubiri kemikali inayotolewa na mizizi ya mtama. Mwaka 2017, watafiti akiwemo Profesa Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia anayefundisha Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitambua jeni inayohusika, iitwayo LGS1. Jeni hiyo isipofanya kazi, mizizi hutoa kemikali ya aina tofauti, na mbegu nyingi za kayongo hubaki zimelala. Mitama ya namna hiyo ipo tangu zamani. Kilichokosekana ni njia rahisi ya kuitambua.

Zamani, watafiti walipandanisha mtama wenye kinga na ule unaopendwa na wakulima, kisha wakapanda kila kizazi kwenye shamba lenye kayongo na kungoja msimu mzima kuona upi umesalimika. Siku hizi kipande cha jani la mche kinatosha. DNA yake hupimwa, na miche isiyo na kinga huondolewa mapema. Hivyo miaka ya kutafuta mbegu bora hupungua.

Njia hii haiingizi jeni ya kiumbe kingine. Ni mtama kupandanishwa na mtama. Sudan iliidhinisha mbegu zilizopatikana hivyo mwaka 2012, zikiwa na kinga kutoka N13, mtama wa India ambao mizizi yake ni migumu kupenywa. Hapa Kenya, watafiti wameupandanisha N13 na Ochuti, mtama unaopendwa na wakulima.

Hata hivyo, kinga ya mbegu peke yake haitoshi, kwa kuwa kayongo hutofautiana kutoka eneo moja hadi jingine. Mkulima anashauriwa:

- Kung'oa kayongo kabla halijatoa mbegu.
- Kutopanda mtama au mahindi mfululizo kwenye shamba moja. Abadilishe na jamii ya kunde.
- Kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mtama. Mizizi yake huzuia kayongo na majani yake ni lishe ya ng'ombe.
- Kutumia samadi, kwani kayongo hustawi kwenye udongo uliochoka.
- Kununua mbegu zenye lebo ya KEPHIS.

Kabla ya msimu wa kupanda, mkulima amwone afisa wa kilimo wa wadi yake ili ajue ni mbegu gani inayofaa eneo lake.