Mwili mkubwa, baiskeli imara: Hesabu spoku kabla ya kutoa pesa

Je, daktari amekushauri upunguze uzito, nawe ukaamua kwamba dawa yako ni baiskeli? Au labda hakuna aliyekushauri lolote, ila umechoka kuketi sebuleni kila Jumapili ilhali watoto wanaendesha zao nje, na ungependa kuandamana nao polepole katika msitu wa Karura. Vyovyote vile, msomaji, ikiwa uzito wako unakaribia kilo 100 au umeshazipita, usikimbilie dukani kabla hujasoma makala haya.

Masaibu ya watu wazito na baiskeli za milimani hufanana sana. Mtu huvutiwa na baiskeli yenye rangi za kumetameta, springi mbele na springi nyuma. Wiki ya kwanza ni furaha tupu. Wiki ya tatu spoku ya gurudumu la nyuma hukatika, ya pili hufuata, kisha rimu huanza kuyumba na kusuguana na breki. Fundi hurekebisha, spoku zikakatika tena. Hatimaye baiskeli huegemezwa ukutani, ikawa ya kuanikia nguo, na mwenyewe huamini kwamba baiskeli si za watu wa umbo lake.

Imani hiyo haina msingi. Itazame "Black Mamba", ile baiskeli nyeusi ya chuma ambayo kwa miaka mingi imebeba mikebe ya maziwa, magunia ya makaa na, kule Busia ambako bodaboda zilianzia, abiria wa kila kimo na kila uzito. Baiskeli za mtindo huo wa Kiingereza kwa kawaida zilikuwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma. Waliozibuni walijua kwamba sehemu kubwa ya uzito wa mwendeshaji na mizigo yake huangukia gurudumu la nyuma, wakaliongezea nguvu.

Basi ukifika dukani, inama uhesabu spoku za gurudumu la nyuma. Muuzaji akikushangaa, mwache ashangae. Baiskeli nyingi za milimani zina spoku 32 na hizo zaweza kukutosha ikiwa rimu ni ya kuta mbili na spoku zimekazwa sawasawa. Ukipata 36, afadhali zaidi. Lakini zile zinazosifiwa kwa wepesi, zenye spoku 28 au 24, waachie vijana wembamba wa mashindano.

Kisha uliza kikomo cha uzito. Viwanda vingi huandika katika kijitabu cha maelezo kiwango ambacho baiskeli haifai kupita, na aghalabu huwa kati ya kilo 100 na 136. Fahamu kwamba mara nyingi hesabu hiyo hujumuisha mwili wako, nguo, mkoba na chupa ya maji. Mtu wa kilo 110 anayebeba mkoba wa kilo 8 mgongoni si mtu wa kilo 110 tena machoni pa baiskeli.

GIA ZA KUPANDIA

Wengi hudanganywa na kibandiko cha "gia 21". Maana yake ni gia 3 mbele na 7 nyuma, basi. Wala hakisemi kama kuna hata moja itakayokusaidia kupanda mlima bila kushuka na kusukuma. Wewe usiyekuwa na haraka huna haja na gia za mbio. Unachotafuta ni gia nyepesi ya kupandia, na utaijua kwa kuhesabu meno.

Gia ndogo kabisa ya mbele ikiwa na meno 22 na ile kubwa kabisa ya nyuma ikiwa na meno 34, ukikanyaga pedali mzunguko mmoja kamili, gurudumu litazunguka theluthi mbili tu hivi. Utakwenda kama kinyonga, lakini utafika juu ukiwa ungali kitini. Baiskeli za kisasa zenye gia moja tu mbele hufikia wepesi huo kwa kuweka gia kubwa mno nyuma, pengine ya meno 50 au 51. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na pumzi ni mali. Usikubali gia nzito eti kwa sababu utazoea.

Papo hapo kwenye gia za nyuma kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Baiskeli za bei ya chini huwa na gia 6 au 7 zilizofungwa kwa kuzungushwa juu ya habu kama kifuniko cha chupa. Muundo huo huziweka gololi za upande wa gia mbali ndani, na kipande kirefu cha ekseli hubaki bila kuegemea chochote. Chini ya mtu mzito, ekseli hiyo hupinda, na siku moja huvunjika. Aina ya kaseti, ambayo ndiyo ya kawaida kuanzia gia 8 kwenda juu, huziweka gololi karibu na ukingo na huhimili uzito vizuri zaidi. Kwa maoni yangu, hapa ndipo pa kuongeza pesa ikiwa una chochote cha kuongeza.

BREKI ILIYOFUKA MOSHI

Baiskeli ya milimani yenyewe ina asili nzito. Katika miaka ya 1970, vijana wa Kaunti ya Marin huko California, Marekani, wakiwemo Gary Fisher na Joe Breeze, walifufua baiskeli kuukuu za matairi manene, nzito ajabu, na kuteremka nazo kasi milimani karibu na Mlima Tamalpais. Mashindano yao maarufu yaliyoanza mwaka wa 1976 yaliitwa Repack. Njia yake ilishuka takriban mita 400 katika umbali wa kilomita 3 hivi, na breki zilizokuwa ndani ya habu ya nyuma zilipata moto hadi grisi ikaungua na kutoa moshi. Ilibidi habu ifunguliwe na kupakwa grisi upya, na neno la Kiingereza la kazi hiyo ndilo lililozaa jina la mashindano.

Moto huo ungali unamhusu mtu mzito. Kadiri uzito unavyozidi ndivyo breki zinavyolazimika kumeza joto zaidi katika mteremko uleule. Kwa hivyo chagua breki za diski, hasa za mafuta ikiwa mfuko unaruhusu, na uliza kama ya mbele ina upana wa milimita 180 badala ya 160. Diski kubwa huwa na nguvu zaidi na hupoa upesi. Ukiwa mteremkoni, zibane breki zote mbili kisha uziachilie, ubane tena, badala ya kuzishikilia tangu juu hadi chini.

Na springi je? Springi za bei rahisi ndizo zinazowaponza wanunuzi wengi wazito. Zimekadiriwa kwa mtu wa kilo 70 au 75, kwa hiyo wewe ukikalia tu huwa zimezama karibu zote, na kila ukikanyaga pedali nguvu zako huishia katika kunesanesa. Ya nyuma usiitake kabisa. Ya mbele ichukue tu ikiwa ni ya hewa, inayoweza kujazwa kulingana na uzito wako; la sivyo uma wa chuma usio na springi wakufaa zaidi kwa mwendo wa pole. Kazi ya kumeza mashimo iachie tairi pana ya inchi 2.2 au zaidi. Shinikizo la juu la upepo limeandikwa ubavuni mwa tairi. Usilipite, lakini usiache tairi ilegee. Ikilegea, tyubu hubanwa kati ya rimu na jiwe ikatoboka matundu mawili yaliyokaribiana kama alama ya meno ya nyoka.

Kiti kipana chenye sifongo nene huonekana kama rehema dukani, lakini baada ya nusu saa huchoma mapaja. Tafuta kigumu kiasi, kinachotosha mifupa ya makalio. Bomba la kiti lisivutwe kupita alama iliyochorwa. Na ikiwa una kitambi, usukani ulioinuliwa huyapa magoti nafasi ya kupanda bila kukugonga tumboni.

Usizidharau baiskeli za mtumba. Nyingi za milimani zilizoundwa miaka ya 1990, fremu ya chuma, uma usio na springi na spoku 32 au 36, zina uwezo kuliko mpya nyingi zinazong'aa. Chunguza tu kwa kidole na tochi pale fremu ilipochomelewa, hasa chini ya usukani na karibu na pedali. Ukiona rangi imepasuka kama uzi, iache.

Ukishainunua, irudishe kwa fundi baada ya kilomita 100 hivi akaze spoku upya, kwani spoku mpya hulegea zikishaonja uzito wako. Ikiwa una shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo, mwone daktari kwanza. Halafu anza Karura, ambako baiskeli zinaruhusiwa na njia nyingi ni za udongo. Ukiwa tayari kwa safari ndefu zaidi kuna Hell's Gate, karibu na Naivasha, mbuga ambayo unaruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya twiga na punda milia. Huko beba tyubu mbili za akiba na pampu, maana miiba ya migunga haichagui mwembamba wala mnene.