Msee wa Magongo ndani ya Suez

Simama Magongo Road saa yoyote uhesabu kontena, utachoka wewe kabla ya malori kuisha. Sisi tunachowaza ni jam tu. Lakini kontena likitoka Ulaya kuja Kilindini, njia ya mkato ni Mfereji wa Suez, kilomita 193 za maji zilizochimbwa jangwani Misri na kufunguliwa 1869. Kijana mmoja wa mtaa huu alipita huko mwaka jana akiwa baharia mgeni kabisa. Nilimkalisha chini anipe stori ya siku hiyo.

Meli aliipandia Jeddah. Ilipofika Suez ilitia nanga nje ya mji, ikangoja. Kule hupiti ukijisikia, meli hupangwa msafara, moja nyuma ya nyingine, na alfajiri ndiyo zinaondoka kwenda kaskazini. Yeye aliamshwa saa tisa usiku akapelekwa omo, yaani mbele kabisa ya meli, kukaa tayari na nanga. Injini ikizima au usukani ukigoma mle ndani, nanga ndiyo breki.

"Mazee, nilikuwa naiwaza ile Ever Given," ananiambia. Machi 23, 2021, meli hiyo ya mita 400 ilikwama ikaziba mfereji siku sita, na mamia ya meli zikabaki foleni. Huku tulitengeneza memes. Yeye pale omo hakuwa na kicheko.

Alitarajia kukuta malango ya kupandisha meli, kama ya Panama aliyoyaona YouTube. Hakuna, manake bahari zote mbili ziko karibu usawa mmoja. Unaenda tu, polepole, kushoto mitende na mashamba, kulia mchanga wa Sinai usioisha. Rubani wa Misri ni lazima, na kufika Ismailia anashuka huyu, anapanda mwingine. Wafunga kamba nao huja na mashua yao, inainuliwa kwa krini hadi kwenye sitaha, halafu wanafungua duka la piramidi za plastiki hapo hapo kwenye korido. Mabaharia huuita Mfereji wa Marlboro kwa jinsi pakiti za sigara zinavyoombwa. Kitu kidogo si chetu peke yetu.

Kilichomkaa kichwani zaidi ni Great Bitter Lake, ziwa lililo katikati ya njia. Vita vya 1967 vilipofunga mfereji, meli 14 zilinaswa humo hadi 1975. Zilikaa mpaka mchanga wa jangwani ukazigeuza rangi, zikaitwa Kundi la Manjano. Miaka minane! Mimi foleni ya Changamwe dakika arobaini nalia.

(Na ukiitishwa hela ndio utafutiwe kazi melini, toroka. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006, ambao Kenya imeuridhia, unakataza baharia kutozwa ada hiyo.)

Jioni walitoka Port Said, akapata mtandao, akampigia mamake, anayeuza viazi karai hapa mtaani. Mama hakuuliza habari za mfereji. Aliuliza, "Mwanangu, utarudi kwa njia gani?"

Ana haki ya kuuliza. Tangu Novemba 2023 Wahuthi wa Yemen wameshambulia meli Bahari ya Shamu na kuua mabaharia. Kampuni nyingi zilianza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, siku kumi na zaidi za ziada. Vyama vya mabaharia vikakubaliana na wenye meli kwamba, kwa meli zilizo chini ya mkataba wao, baharia anaweza kukataa kupita eneo la hatari, na akikubali mshahara wake wa msingi unaongezwa maradufu kwa siku hizo.

Safari hiyo walirudi Jeddah kwa mfereji huohuo, hawakufika Yemen. Mkataba mpya alioletewa wiki iliyopita ni tofauti: meli inapita Bab el-Mandeb kwenda na kurudi. Kodi ya miezi miwili inamngoja, na mdogo wake yuko kidato cha tatu. Anatakiwa ajibu kufikia Ijumaa. Mama bado hajaambiwa.