Mafundi wa Buyenzi na Kazi ya Kuinua Pikapu

Mtu aingiaye mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, hana haja ya kuuliza ziliko gereji. Mlio wa nyundo juu ya chuma humwongoza mwenyewe. Barabara za mtaa huu hujulikana kwa namba, Kiswahili ndicho kinachotawala mazungumzo, na kando ya njia utawaona mafundi wamelala chalichali chini ya magari, juu ya maboksi yaliyokunjuliwa. Huko ndiko tulikokwenda kutazama kazi moja inayopendwa sana na wenye pikapu za dizeli, nayo ni kuliinua gari juu ya magurudumu yake kwa kubadili springi na shokapu.

Pikapu tuliyoikuta juu ya magogo ilikuwa Toyota Hilux ya miaka ya 1990, ile yenye springi za vyuma bapa mbele na nyuma. Mwenyewe ni mchuuzi wa kabichi na viazi. Hununua mzigo Bugarama na vilimani pembeni mwake, akauteremsha mjini kabla jua halijawa kali. Springi zake za zamani zilikuwa zimelala kabisa, na katika njia za vilimani, ambazo mvua huzichimba mifereji, tumbo la gari lilikuwa likikwaruza udongo. Alitaka gari lipande inchi mbili, yaani milimita 50 hivi.

Ni vema msomaji aikumbuke njia yenyewe. Bujumbura imekaa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye kimo kisichofika mita 800 juu ya usawa wa bahari. Bugarama imepita mita 2,000, na baina ya mahali hapa pawili kwa Barabara ya Taifa Namba 1 ni mwendo wa kilomita 35 hivi tu. Gari hupanda likiwa tupu, nalo hushuka na tani nzima, kona baada ya kona, huku waendesha baiskeli waliobeba mizigo yao wakiteremka ubavuni mwake kwa kasi ya kutisha. Wengine huonekana wakipanda kwa kung'ang'ania nyuma ya malori. Katika njia ya namna hii, jambo linalomhusu sana dereva si namna gari lake linavyopanda bali namna linavyosimama.

Njia za kuinua gari ni nyingi. Iliyo rahisi kuliko zote ni kuweka kipande kinene cha chuma baina ya ekseli ya nyuma na springi. Wengine hurefusha vishikizo vinavyoning'iniza ncha za springi; ila hapo wengi hukosea hesabu, kwa kuwa kishikizo kikirefushwa milimita 50 gari hupanda nusu yake tu. Iliyo bora ni seti kamili ya springi mpya zenye upinde mkubwa pamoja na shokapu ndefu zaidi, kama zile za Old Man Emu kutoka Australia. Bei yake, pamoja na usafiri wa kutoka ng'ambo, si ya mchuuzi wa kabichi. Kwa hiyo aghalabu mafundi wa Buyenzi huongeza chuma kimoja au viwili katika springi ya zamani na kuirudishia upinde kwa nyundo. Hatuidharau kazi hiyo. Tumeona springi zilizotengenezwa hivyo zikitumika vizuri. Lakini chuma kilichochoka hupenda kulala tena, na mwenye gari ni lazima alijue hilo kabla hajatoa fedha yake.

Kadhalika ajue asichokinunua. Kuinua springi hakuiinui difu, lile tumbo la ekseli lililo karibu kabisa na ardhi, kwa sababu ekseli hubaki pale pale penye magurudumu. Difu hupandishwa na tairi kubwa tu, tena kwa nusu ya kile kilichoongezeka katika kipenyo cha tairi. Wala uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba hauongezeki, maana chasisi, ekseli na breki ni zile zile. Wako pia wanaodhani kuwa gari refu linaweza kuvuka maji yoyote. Gatumba iliingiliwa na maji mwaka 2020, na tena mwaka 2024, na mafuriko kama hayo humtia dereva tamaa ya kujaribu. Injini ya dizeli ikivuta maji kwa mdomo wa hewa, maji hayashindiliki kama hewa, na vyuma vinavyosukuma pistoni hupinda.

Tulipofika, springi mpya zilikwisha kufungwa. Mchuuzi alikuwa akilizunguka gari lake kwa furaha.

"Mzee, sasa limekaa vizuri," alimwambia fundi.

"Bado, mwanangu," mzee alijibu. "Kwanza tuitazame breki."

Akatuita tuchungulie chini, akatuonyesha kwa ncha ya spana kifimbo chembamba kinachotoka kwenye ekseli ya nyuma na kuishia kwenye vali ndogo iliyofungwa katika chasisi. Wenye pikapu wengi hawajui hata kama kitu hicho kipo. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likiwa tupu, mwili wake huwa juu na kifimbo huiambia vali ipunguze nguvu ya breki za nyuma, zisije zikakaza matairi mepesi yakateleza. Likipakiwa, mwili hushuka kuelekea ekseli, kifimbo kikasukumwa, na vali ikafungua njia ili magurudumu ya nyuma yapate nguvu kamili.

Basi gari likiinuliwa milimita 50, vali hudanganyika. Gari limebeba tani ya viazi, nalo kwa hesabu ya vali ni tupu au nusu tupu. Na springi mpya ngumu, zisizolala sana chini ya mzigo, huuongeza uwongo huo. Breki za mbele huachiwa karibu kazi yote. Katika mteremko mrefu kama ule wa Bugarama breki hizo hupata moto mkali, zikaanza kulegea, na dereva akakanyaga bila kupata anachokitarajia. Fundi akishasahau kifimbo hiki, mwenye gari hawezi kulitambua kosa kwa kuzunguka mtaani Buyenzi, kwani penye tambarare kila kitu kitaonekana sawa.

Dawa yake ni ndogo. Mzee alitengeneza kipande cha chuma cha kuinulia mguu wa kifimbo kwa kadiri ile ile gari lilivyopanda, akakifunga kwa bolti mbili. Kisha aliigeukia mipira ya breki. Ekseli ziliachwa zining'inie kabisa ili ionekane kama mipira itavutika. Wa mbele kushoto ulivutika, ukabadilishwa kwa mwingine mrefu. Propela nayo ilitazamwa, kwa maana pembe yake imekuwa kali zaidi na viungo vyake vitachakaa mapema visipopakwa grisi.

Zikabaki taa. Burundi magari hupita kulia, lakini mengi, na hili likiwamo, yametoka Japani yakiwa na usukani wa kulia, na taa zake zimetengenezwa zimulike zaidi kushoto, yaani kwenye macho ya anayekuja mbele. Gari likiinuliwa, udhia huo huzidi. Mzee aliliegesha mbele ya ukuta, akaziinamisha mpaka aliporidhika.

Bolti za kubana springi, zile zilizopindwa mfano wa herufi U, zilikuwa mpya zote, kwa kuwa za zamani zikishavutika hazifai kurudiwa. Bolti za bushi alizikaza mwisho kabisa, gari likiwa limesimama kwa miguu yake. Mchuuzi aliambiwa apande Bugarama akiwa na nusu ya mzigo siku mbili za kwanza, na baada ya kilomita 500 arudi zikazwe upya. Aliuliza kama atalipa tena. Mzee alisema hapana, akarudi chini ya gari jingine.